Tao Lisilo na Mlango

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikilipiga kwa mshazari paa la vioo la stesheni ya Skelderby. Upepo uliotoka kwenye nyika za kaskazini ulipenya chini ya paa hilo, ukazizunguka nguzo za chuma zenye vichwa vya majani, ukafuata ukuta wa mawe hadi kwenye tao kubwa, kisha ukaingia katika kile kilichokuwa zamani chumba cha kungojea cha daraja la tatu. Uliingia bila hodi. Tao hilo halikuwa na mlango wa kubishwa.

Ndani ya chumba hicho, ambacho sasa kilikuwa mkahawa, wateja wachache walikuwa wakinywa chai wakiwa na makoti na kofia za sufu. Len Hebblethwaite, dereva wa teksi, alikuwa na glavu pia, na kwa mazoezi ya muda mrefu alikuwa ameweza kula mkate wa zabibu uliochomwa bila kuzivua.

"Doreen," alisema, "siagi yangu imeganda juu ya mkate wa moto. Hii ni sayansi gani?"

"Ni sayansi ya kula upesi, mpenzi," alijibu Doreen Pickersgill, mwenye mkahawa, kutoka nyuma ya birika lake kubwa. Alimwita kila mtu mpenzi, watoto na polisi sawasawa, kama wafanyavyo wanawake wengi wa pande zile. Hapo stesheni ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwomba aache.

Mtu huyo alikuwa amesimama juu ya ngazi fupi chini ya tao, kisu cha kukwangulia rangi mkononi na tai ya shule shingoni. Mortimer Askwith alikuwa Mwenyekiti wa chama cha uhifadhi cha Marafiki wa Stesheni ya Skelderby. Kabla ya kustaafu alikuwa mlezi wa bweni katika shule ileile iliyomlea tangu utotoni, shule ambayo madirisha ya mabweni yake hayakufungwa usiku, kiangazi wala kipupwe, kwa imani kwamba hewa baridi hujenga tabia. Askwith alikuwa ameamka asubuhi nyingi na theluji juu ya blanketi. Hakuwahi kulalamika, na hakuona ni kwa nini mtu anayekunywa chai alalamike.

Stesheni yenyewe ilijengwa enzi za Malkia Viktoria, wakati kampuni za reli zilipoamini kwamba mtu hafai kwenda mjini kuuza kondoo mpaka apite kwanza chini ya kitu kinachofanana na kanisa. Msanifu wake, Ebenezer Thackwray, hakubana mkono. Aliiwekea minara isiyo na kengele, madirisha yaliyochongoka kama mikono iliyoinuliwa kusali, na nguzo za chuma ambazo vichwa vyake vilichanua majani ya mti usiojulikana na mtaalamu yeyote wa mimea. Upande wa daraja la kwanza aliweka meko ya marumaru na milango ya mwaloni yenye bawaba nene kama kifundo cha mkono. Upande wa daraja la tatu aliweka tao. Tao tu, pana, refu, na wazi.

Kuhusu tao hilo Askwith alikuwa ameandika kitabu. Hakikuwa kitabu kinene, lakini kilikuwa na tanbihi nyingi, na sentensi yake moja ilikuwa imechorwa kwenye kibao cha shaba kilichofungwa ukutani, usawa wa macho ya mtu aliyesimama wima: *Thackwray aliliacha tao hili wazi makusudi, ili mnyonge wa daraja la tatu aingie na kutoka kama muungwana.* Kibao hicho kilizinduliwa na Askwith mwenyewe, na kila alipopita mbele yake alikitazama kwa namna ambayo watu wengine hutazama kioo.

Taabu ilikuwa kwamba Doreen alitaka mlango, na Askwith alikuwa na deni lake.

Deni lenyewe lilianza hivi. Miaka michache nyuma, kampuni iliyokuwa ikiendesha stesheni ilitaka kulibomoa paa la vioo na kuweka kibanda cha plastiki mahali pake. Kikao cha kusikiliza pingamizi kiliitishwa katika ukumbi wa mji. Askwith aliandaa hotuba ndefu yenye marejeo, na asubuhi ya kikao sauti ikamkauka, asipate hata mnong'ono. Kwa ishara akamkabidhi Doreen karatasi asome kwa niaba yake. Doreen alianza sentensi ya kwanza, akaona mwisho wake hauonekani hata kwa mbali, akaziweka karatasi chini. Akawaambia madiwani kwamba mama yake alimuaga baba yake chini ya paa lile wakati wa vita, akampokea chini ya paa lilelile, na kwamba angependa aonyeshwe diwani mmoja aliyewahi kulia machozi ya furaha chini ya plastiki. Paa likapona.

Sauti iliporudi, Askwith alimfuata Doreen kwenye jukwaa la abiria, mbele ya watu, akavua glavu ya mkono wa kulia na kumpa mkono mtupu.

"Bibi Pickersgill," alisema, "nina deni lako. Siku utakayolidai, nitalilipa."

Shuleni kwake neno lililotolewa kwa mkono mtupu halikurudishwa mdomoni. Wavulana walikuwa wamefukuzwa kwa kulirudisha, na mmoja wao alifukuzwa na Askwith mwenyewe. Doreen hakuyajua hayo. Alisema, "Haya, mpenzi, nitakumbuka," akaenda kugeuza soseji zake.

Akakumbuka. Mkataba wake wa mkahawa ulikuwa unakwisha majira ya kuchipua, na kila kipupwe wateja walipungua, maana mtu mwenye akili timamu hakai kwenye upepo kunywa kitu anachoweza kunywa nyumbani. Mahali pake, kila mtu alijua, pangewekwa mashine ya kahawa. Kwa hiyo Doreen aliomba kibali cha kuweka mlango chini ya tao, na Marafiki wa Stesheni, kwa mkono wa Mwenyekiti wao, wakapinga. Ndipo akaenda kudai.

"Dai chochote kilicho changu," Askwith alimwambia. "Tao si langu. Ni la Thackwray."

"Thackwray amekufa, mpenzi."

"Ndiyo maana hawezi kujitetea."

"Basi nikudai nini? Nyumba yako siitaki, ina baridi kuliko hapa."

"Nimekuomba usiniite mpenzi."

"Na mimi nimekuomba mlango. Kila mtu na hamu yake." Doreen alipangusa kaunta mahali palipokuwa pasafi. "Na kama mlango ulikuwapo zamani, je?"

"Haukuwapo."

"Wewe umejuaje? Ulikuwapo?"

"Mtu aliyebuni nguzo zile," alisema Askwith, "hakuwa na moyo wa kumfungia mwenzake mlango." Na kwa kuwa Len Hebblethwaite alicheka puani, aliongeza maneno ambayo hakuna aliyemwomba ayatamke: "Nitaukwangua mwimo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikuta alama ya mlango, nitaweka mlango. Nisipokuta, suala hili lisirudi tena mezani."

"Utakwangua pale unapojua hapana kitu," alisema Len.

"Bwana Hebblethwaite, mimi si dereva wa teksi."

"Hilo tunalijua. Dereva wa teksi hufika anakokwenda."

Hiyo ndiyo sababu ya ngazi na kisu. Kibali kilikuwa kimetoka kwa afisa wa majengo ya kale wa halmashauri: sehemu ya upana wa kiganja, si zaidi. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kujipendelea, Askwith alikwenda kwanza upande wa daraja la kwanza, akapima kimo cha bawaba za milango ya Thackwray kutoka sakafuni, akarudi na kutia alama kimo kilekile kwenye mwimo wa tao. Kama Thackwray angekuwa na hatia, basi hatia yake ingekuwa hapo hasa. Askwith alimwamini kiasi cha kumpeleka yeye mwenyewe kizimbani.

Rangi ilitoka kwa matabaka, na kila tabaka alilitambua kama mtu anavyotambua picha za ukoo. Ya kwanza ilikuwa kijani kibichi cha kampuni ya mwisho, ambacho alikuwa amekipinga. Ikafuata rangi ya samli na nyekundu, ambayo wazee walikuwa wakiikumbuka kwa mapenzi, kisha kahawia ya miaka ya vita, kisha masizi meusi ya treni za makaa. Chini ya masizi lilipaswa kutokea jiwe la rangi ya asali.

Halikutokea. Kilichotokea kilikuwa kitu cha kijivu, laini, kilichopakwa kwa ustadi. Kisu kiliingia ndani yake kama kwenye jibini. Askwith alichokoa polepole zaidi, kisha upesi zaidi, na nyuma ya kijivu kile akakuta madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa, yamelala ndani ya shimo la mraba lililochongwa kwenye jiwe, na katikati ya risasi hiyo kisiki cha chuma kilichokatwa kwa msumeno. Kilikuwa kinene kama kifundo cha mkono.

Alikaa juu ya ngazi akikitazama. Kisha akashuka na kuvuka hadi mwimo wa pili. Huko, kwenye ukingo wa nje, upande wa jukwaa, palikuwa na tundu refu la duara ambalo alilijua vizuri. Kitabu chake kilikuwa kimelitengea aya nzima. Aliliita kovu la mabega, akaeleza jinsi lilivyochimbwa na vizazi vya mafukara waliopita na mizigo yao wakiligusa jiwe kwa kicho. Sasa alitia kidole ndani yake. Kidole kikazama chote. Hakuna bega la binadamu linalochimba tundu la namna hiyo.

Lilikuwa tundu la komeo. Na komeo lilikuwa nje.

Hapo hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Alikuwa amesoma, na kuwasomea wanachama wake kwa masikitiko, jinsi wajenzi wa stesheni nyingine walivyowafungia abiria wa daraja la tatu chumbani mpaka treni ifike, wasije wakatapakaa kwenye jukwaa na kuwachafulia macho wa daraja la kwanza. Kila mara alimalizia kwa kusema kwamba Skelderby haikuwa hivyo. Kumbe mnyonge wake aliingia kama muungwana na kutoka kama kondoo. Mlango wenyewe, bila shaka, uligeuzwa kuni au ulichukuliwa wakati wa vita, na aliyeuondoa akaziba tundu la bawaba akaacha la komeo. Thackwray hakuacha tao wazi. Lilibaki wazi baada yake, kama mdomo wa mzee aliyeng'oka meno, na Askwith akadhani ni tabasamu.

Kwenye mfuko wake palikuwa na kopo la lipu ya kuzibia, kwa kuwa kibali kilimtaka azibe alichokwangua. Aliliangalia kopo hilo. Alijiambia kwamba wajibu wa mhifadhi ni kuzuia uharibifu, na kisiki cha chuma kikiachwa kwenye unyevu hushika kutu. Alijiambia kwamba umma huchanganyikiwa upesi ukipewa ukweli kwa vipande. Alijiambia kwamba bawaba moja si mlango. Zilikuwa hoja nzuri, zenye mpangilio, na kama mvulana yeyote wa bweni lake angemletea hoja za namna hiyo, angemnyima kutoka Jumamosi kwa muhula mzima.

"Umefika kwenye jiwe, Bwana Mwenyekiti?" Doreen alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai kinachofuka juu ya trei.

Askwith alirudi upesi kwenye mwimo wa kwanza na kuupa mgongo.

"Bado."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, kwa maana ya jiwe.

"Kunywa, basi, kabla haijawa barafu. Sura yako imekuwa kama ya marehemu."

"Ni baridi tu."

"Ati nini?" Doreen aliinua nyusi. "Len! Len, sikia! Bwana Askwith anasikia baridi!"

"Mwite daktari," alisema Len kutoka ndani. "Au padri."

Treni ya saa tatu kasorobo iliingia ikipiga breki, na kutoka ndani yake akashuka Harpreet Sahota, afisa wa majengo ya kale, amekumbatia jalada chini ya koti lake la mvua. Alikuwa amezaliwa mtaa wa nyuma ya stesheni. Doreen alimjua tangu alipokuwa akisubiri hapo basi la shule, akimuuzia keki ya tangawizi kwa nusu bei.

"Shikamoo, shangazi Doreen."

"Marahaba, mpenzi. Umekonda. Halmashauri haiwalishi?"

"Inatulisha fomu." Harpreet alimgeukia Askwith kwa heshima, kwa kuwa kitabu cha mzee huyo kilikuwa mezani kwake kazini. "Bwana Askwith, ungeweza kubaki nyumbani na mvua hii. Nimeleta habari njema. Kwako, yaani." Alimtazama Doreen kwa huruma. "Nimezungumza na mwanasheria wetu. Kilichomo chini ya rangi hakina uzito."

"Hakina uzito?" alisema Askwith.

"Hata kidogo. Jengo hulindwa kama lilivyoelezwa siku lilipoorodheshwa kuwa jengo la kale. Na hapa limeelezwa." Alifungua jalada akasoma. "'Tao la daraja la tatu, lililoachwa wazi makusudi.' Maneno yenyewe ni yako, wameyatoa kitabuni. Kwa hiyo kisheria liliachwa wazi makusudi. Hata tukichimbua mlango mzima humo ukutani, na bibi wa Thackwray ameukalia, tao ni wazi."

"Kwa hiyo ameshinda," alisema Doreen.

"Pingamizi lake likibaki, nalazimika kukataa ombi lako leo. Samahani, shangazi. Ni mwandishi wa maneno haya tu ambaye angeweza kusema kwamba yana kosa, na mwandishi ndiye mpingaji."

Askwith alisikia ushindi ukimpita mwilini. Hakika ulikuwa ushindi kamili. Hakuhitaji hata kuligusa kopo la lipu. Sheria ilikuwa imemzibia.

Doreen aliiweka trei juu ya meza ya karibu. Hakupandisha sauti. "Basi. Machi nitafunga. Dada yangu ana kibanda Whitby, pwani, huko angalau upepo una samaki." Kisha akamwangalia Askwith, na alichokisema alikisema kwa upole wa kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. "Na lile deni, Bwana Askwith, lisikukoseshe usingizi. Nimekusamehe."

Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Mortimer Askwith alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo mvulana aliweza kuchapwa, kunyimwa chakula na kulazwa kwenye theluji na akabaki na heshima yake yote. Kusamehewa ndiko kulikokuwa aibu. Ukweli peke yake ulikuwa umemsukuma kwa muda, na hakuwa amesogea. Msamaha ulimsogeza mara moja.

"Sikuomba kusamehewa," alisema, na sauti yake ilifika mpaka jukwaa la pili. "Bibi Pickersgill, hakuna aliyewahi kunisamehe deni, na sitaanza na wewe."

Akatoka mbele ya mwimo.

Wote watatu wakasogea. Len alikuja na mkate wake mkononi. Harpreet aliwasha tochi ya simu, akainama, akagusa risasi kwa ncha ya kidole.

"Hii ni bawaba," alisema.

"Ni bawaba. Na kule ni komeo, ambalo mimi niliandika kuwa ni mabega." Askwith alisema hivyo akiwa wima kabisa, kana kwamba anasoma majina ya waliofaulu. "Palikuwa na mlango. Nilikosea."

"Ulikosea ukurasa gani?" aliuliza Len.

"Kurasa zote, Bwana Hebblethwaite, isipokuwa zenye picha."

Doreen hakucheka, ingawa palikuwa na nafasi. Alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama saa ya mnara iliyosimama miaka mingi ikipiga ghafla.

"Subirini kwanza," alisema Harpreet. "Ili nibadilishe maelezo, fomu inataka pia mtaalamu anayempinga mwandishi."

"Mimi."

"Na wewe ndiye mwandishi."

"Ndiye ninayempinga."

"Kwa uzito gani?"

"Uzito uleule ulioutumia kumwamini," alisema Askwith. "Andika kwamba pingamizi la Marafiki limeondolewa. Nitatia sahihi sasa hivi, kabla ya wanachama wangu kupata nafasi ya kunishauri."

Harpreet aliandika, karatasi ikichezewa na upepo. Askwith alitia sahihi kwenye mgongo wa Len, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pakavu.

"Lakini nina sharti," alisema, akikirudisha kifuniko cha kalamu. "Mlango utakuwa wa mwaloni, kama ulivyokuwa. Misumari ya kichwa kipana. Bawaba za kufuliwa kwa mkono. Na komeo nje."

"Nje?" Doreen alishika kiuno. "Mlango wa mkahawa una komeo nje?"

"Alivyoweka mjenzi ndivyo utakavyowekwa. Nilisema hivyo alipokuwa mtu mwema, na sitabadili neno kwa sababu amegeuka kuwa mwovu."

"Kwa hiyo Doreen akiudhika ananifungia humu?" aliuliza Len.

"Ikimpendeza."

"Ah. Basi nilipe kabisa na ile chai ya jana."

"Na kibao?" Doreen alikionyesha kwa kidevu. "Kile chenye mnyonge na muungwana. Utakibandua?"

Askwith alikigeukia kibao chake cha shaba, akaunyoosha mkono kuelekea kwenye parafujo ya kwanza. Harpreet alikohoa.

"Samahani, Bwana Askwith. Hicho nacho kimeorodheshwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeomba. Huwezi kukiondoa bila kibali, na kibali kina foleni."

"Foleni ndefu?"

"Ndefu. Utaratibu wenyewe ndio ule mliotupendekezea ninyi, Marafiki wa Stesheni."

Askwith aliushusha mkono.

Mlango uliwekwa mwishoni mwa Februari, siku ya upepo wa kuwakosesha watu kofia. Ulikuwa mzito, mweusi kidogo, wenye vioo vidogo juu ambavyo Askwith alishikilia kwamba Thackwray alikuwa ameviweka, si kwa ajili ya waliokuwa ndani kuona nje, bali kwa mlinzi aliyekuwa nje kuona ndani. Mkaguzi wa moto wa halmashauri alilikubali komeo kwa masharti kwamba lisitumike kamwe. Kando ya mlango, kwenye shaba iliyong'arishwa, abiria waliendelea kusoma kwamba tao hili liliachwa wazi makusudi. Wengi walisoma, wakautazama mlango, wakasoma tena, kisha wakaingia kunywa chai bila kusema kitu, kama wafanyavyo watu wa Skelderby wanapokutana na jambo rasmi.

Siku hiyo Askwith alikuja kukagua bawaba. Alizikuta sawa. Aliingia ndani, akaketi karibu na ukuta, akasubiri chai. Mkahawa ulikuwa umejaa. Madirisha yalikuwa na ukungu wa pumzi za watu. Len alikuwa hana glavu wala kofia, na ilibainika kwamba alikuwa na upara, jambo ambalo baadhi ya wateja wa siku nyingi hawakulijua.

"Joto hili litawalegeza watu," alisema Askwith. Hata hivyo alivua koti, akalikunja kwa pembe nne, akaliweka kwenye kiti cha pili.

Doreen alimletea chai, kisha akatoka nje kufagia kizingiti. Askwith alisikia chuma kikisugua jiwe. Alipogeuka aliuona uso wa Doreen kwenye kioo kidogo, umetulia kama uso wa mlinzi wa zamani.

"Bibi Pickersgill," aliita, akiinuka. "Komeo halitakiwi kutumika."

Wateja waliacha kunywa. Len aliweka mikono kichwani akanong'ona, "Tumekwisha. Sasa tunasubiri treni."

Askwith alikwenda hadi mlangoni. Alinyoosha tai. Maisha yake yote alikuwa amepita chini ya tao hili kama muungwana, na sasa palikuwa na njia moja tu ya kutoka, nayo haikuwa kwenye kitabu chake. Aliinua mkono akagonga mwaloni, mara tatu, kwa adabu.

"Hodi," alisema, kutoka ndani.

Komeo likarudi nyuma. Mlango ukafunguka, na upepo ukaingia pamoja na Doreen, mara moja tu, kabla hajausukuma ukafungwa.

"Karibu nje, mpenzi," alisema.

Askwith hakumwomba aache. Alitaka kuvua glavu ya mkono wa kulia, akakuta hana glavu, kwa kuwa zilikuwa mfukoni mwa koti, kwenye kiti, kwenye joto. Akautoa mkono hivyohivyo.

Doreen aliupokea, akautikisa mara moja. "Umelipa," alisema. "Huna tena deni langu."